Wavulana Sita wa Tonga na Wageni wa Newala

Wajukuu zangu, mmewahi kusikia mtu akisema binadamu ni mnyama tu, ukimwondolea polisi na viboko atamla mwenzake? Mholanzi aitwaye Rutger Bregman aliandika kitabu kizima kuyakataa maneno hayo. Kilitoka mwaka 2019.

Kisa ninachokipenda humo ni cha wavulana sita wa Tonga, huko Bahari ya Pasifiki. Mwaka 1965 walitoroka shule ya bweni, wakachukua mashua ya mtu. Dhoruba ikawachanachana tanga, ikawatupa 'Ata, kisiwa kisicho na watu. Walikaa huko zaidi ya mwaka. Moto walioupata kwa shida hawakuuacha uzimike. Waligombana, ndiyo, lakini waliogombana walitengana mpaka hasira zipoe, kisha wakapatana. Mmoja alipovunjika mguu, wenzake walimfunga vijiti, wakagawana kazi zake. Mwaka 1966 nahodha Mwaustralia, Peter Warner, aliwakuta wote sita wazima. Waliporudi, mwenye mashua akawashitaki, wakawekwa ndani!

Tonga ni mbali. Basi twendeni Newala, kwenye uwanda wa juu kusini mwa Tanzania, tusimame ukingoni pa genge liitwalo Shimo la Mungu. Kule chini ni mto Ruvuma, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Vita vya ukombozi vilipoanza huko Septemba 1964, maelfu ya watu walivuka mto kukimbilia huku. Wengi walikuwa Wamakonde kama wenyeji wa Newala, na mtaniambia ndugu kumpokea ndugu si ajabu. Lakini fikirini maji. Juu ya uwanda huu mvua inazama mchangani. Kwa vizazi vingi akina mama walishuka bondeni kuchota, wakapanda mlima na mzigo kichwani. Mahali kama hapo, mgeni akiomba maji ya kunawa ameomba safari nzima ya mtu. Na bado wengi wa wageni hao waliishi vijijini, wakilima pamoja na wenyeji.

Sisemi dunia ni pepo. Misafara ya watumwa ilipita nchi hii, na misheni ya Masasi, jirani na Newala, ilianza mwaka 1876 na watu waliokombolewa utumwani, aliowaleta Askofu Steere, mmisionari Mwingereza. Bregman naye haukani ubaya. Anakataa tu kwamba ndio asili yetu.

Wazee waliokuwa watoto miaka ile bado wapo Newala. Waulizeni wageni walilala nyumba ya nani, na maji yao aliyachota nani.