Kuijua Kanuni na Kuijua Maada

Zipo nguvu nne ambazo wanazuoni wa fizikia wamezihesabu kuwa ndizo zinazotawala mambo yote ya maumbile, na mbili miongoni mwazo zafahamika hata na mtu asiyepata kukanyaga mlango wa skuli: mvutano unaoliangusha tunda chini na kuuzuia mwezi usipotee angani, na nguvu ya umeme na sumaku inayowasha taa na kuigeuza sindano ya dira. Ya tatu ni dhaifu, na kazi yake hudhihirika katika baadhi ya miali itokayo katika madini kama urani. Ya nne, ambayo ndiyo maudhui ya makala haya, huitwa nguvu kali, nayo imejificha ndani ya kiini cha atomu, mahali padogo mno hata upana wake haufiki sehemu moja ya elfu kumi ya upana wa atomu yenyewe. Walakini udogo wa makao hayo usimdanganye msomaji, kwani takriban uzito wote wa mwili wake, wa nyumba anamolala na wa ardhi anayoikanyaga, watokana na nguvu hiyo.

Haja ya kuwapo kwake ilitambulikana kabla yenyewe haijafahamika. Mwaka 1911 Ernest Rutherford, akifundisha Manchester, alionyesha ya kuwa atomu ina kiini kidogo chenye uzito, na mwaka 1932 James Chadwick wa Cambridge akaivumbua nyutroni, ndipo ikajulikana kwamba kiini ni mkusanyiko wa protoni zenye chaji ya umeme na nyutroni zisizo na chaji. Hapo hapo likazuka swali lisiloepukika: maadamu chaji za jinsi moja husukumana, na maadamu msukumano huo huzidi kadiri zinavyokaribiana, ni kitu gani kilichozishika protoni zikakaa bega kwa bega bila ya kutawanyika? Mwaka 1935 Hideki Yukawa, Mjapani aliyekuwa hajatimiza miaka 30, alitoa rai kwamba protoni na nyutroni hufungwa pamoja kwa kupeana chembe nyingine ya uzito wa kati, na mwaka 1947 kundi la Cecil Powell wa Bristol likaiona alama ya chembe hiyo katika sahani za picha zilizowekwa juu ya milima mirefu kupokea miali itokayo angani. Yukawa akatunukiwa nishani ya Nobel mwaka 1949, na watu wakadhani mlango umefunguka.

Ulifunguka kweli, ila nyuma yake ulikuwa na umati. Mitambo ya kugonganisha chembe iliyojengwa baada ya vita vya pili vya dunia ilizalisha jamaa za protoni kwa makumi, kila moja ikidai jina na cheo, hata ikawa ni muhali kuamini kwamba zote hizo ni msingi wa maumbile. Mwaka 1964 Murray Gell-Mann na George Zweig, kila mmoja peke yake, walileta dhana ya kwamba chembe hizo zimeundwa kwa chembe ndogo zaidi, ambazo Gell-Mann aliziita kwaki, na kwamba protoni ni kwaki tatu zilizofungamana. Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika maabara ya Stanford huko California, elektroni zenye mwendo mkali zilirushwa zikapenya ndani ya protoni, na namna zilivyoruka pembeni ikatoa ushahidi kwamba ndani humo mna vitu vidogo vigumu. Ajabu ilikuwa ni hii: kwaki ndani ya protoni zilionekana kwenda na kurudi kana kwamba hazikufungwa na chochote, ilhali hakuna hata moja iliyopata kutolewa nje ikaonekana peke yake, wakati huo wala hadi leo.

Ufumbuzi ulikuja mwaka 1973 kwa kalamu za vijana: David Gross na Frank Wilczek wa Princeton, na David Politzer wa Harvard, ambao walitunukiwa nishani ya Nobel kwa pamoja mwaka 2004. Walibainisha ya kwamba nguvu kali huenenda kinyume cha desturi ya nguvu tulizozizoea. Mvutano wa nyota na nguvu ya sumaku hudhoofika kwa umbali, lakini nguvu kali hulegea pale kwaki zinapokaribiana sana, na zinapotengana hushika na kukaza wala haipungui tena, hata ikafikia kiasi kinacholingana na uzito wa tani 15 hivi, juu ya chembe ambayo hakuna darubini ya nuru iwezayo kuiona. Mwenye kutaka kuitenga kwaki moja ni kama mtu aikataye kamba akitumai kupata ncha moja pasipo ya pili: kila akatapo, kila kipande huondoka na ncha mbili. Ndivyo ilivyo katika kiini, kwa sababu nishati anayoitumia mtu kuzivuta kwaki zitengane hugeuka yenyewe ikawa kwaki mpya, nazo hujiunga na zile za zamani, na mvutaji hubaki na chembe mbili kamili badala ya moja iliyovunjika.

Kinachozifunga kwaki ni chembe ziitwazo gluoni, ambazo dalili zake zilipatikana mwaka 1979 mjini Hamburg. Kazi yake katika nguvu kali ni ile ifanywayo na nuru katika nguvu ya umeme, lakini zina tofauti moja kubwa, na katika tofauti hiyo ndimo mlimo asili ya matatizo yote. Miali miwili ya nuru hupishana bila ya kujuana. Gluoni, kwa kuwa zenyewe zimebeba aina ya chaji ile ile inayozifunga kwaki, huvutana zenyewe kwa zenyewe, zikazaana na kusukana hata protoni moja ikawa ni fujo isiyotulia. Fujo hiyo ndiyo yenye uzito. Ukijumlisha uzito wa kwaki tatu za protoni hupati zaidi ya asilimia 1 ya uzito wa protoni nzima; asilimia 99 iliyobaki ni nishati ya mwendo wa kwaki na ya nguvu inayozizuia, kwa mujibu wa kanuni ya Einstein kwamba nishati na uzito ni jambo moja.

Basi tangu mwaka 1973 kanuni ya nguvu kali imejulikana, na mtu aweza kuiandika ikaenea katika mstari mmoja wa karatasi. Mtu asiye na uzoefu wa elimu hii angedhani kwamba kazi imekwisha. La hasha, kujua sheria inayowaongoza wawili si kujua mambo yatakavyokuwa watakapokusanyika elfu kumi, na historia ya miaka 50 iliyofuata ni historia ya wanazuoni wenye kanuni sahihi mkononi ambao maada yenyewe iliwashangaza. Hesabu zilikuwa ngumu hata Kenneth Wilson akabuni mwaka 1974 njia ya kuigawa nafasi na wakati kuwa vyumba vidogo vidogo vya kuhesabiwa kimoja kimoja, njia ambayo ilisubiri mitambo mikubwa ya kompyuta ndipo ikazaa matunda yake.

Swali lililowashughulisha lilikuwa jepesi kulitamka: maada hii ikipashwa moto kupita kiasi, itakuwaje? Mwaka 1965, kabla kanuni haijapatikana, Rolf Hagedorn wa maabara ya CERN, karibu na Geneva, alikuwa amehesabu kwamba halijoto ina ukomo wake, yapata digrii trilioni 2, kwa sababu kila nishati iongezwayo hapo huishia kuzaa chembe mpya wala haizidishi joto. Nicola Cabibbo na Giorgio Parisi wakaja mwaka 1975 na tafsiri nyingine: ukomo ule ni mpaka wa hali moja na nyingine, na ng'ambo yake protoni na nyutroni huyeyuka, kwaki na gluoni zikatoka vifungoni na kuenea kote. Hali hiyo ikapewa jina la plazma ya kwaki na gluoni, na ikafahamika kwamba ulimwengu wote ulikuwa hivyo katika sehemu chache za kwanza za milioni ya sekunde baada ya kuanza kwake. Na kwa kuwa nguvu kali hulegea katika nishati kubwa, wengi walikata shauri ya kwamba plazma hiyo itakuwa gesi, ambamo kila chembe hupita njia yake bila ya kumjali jirani.

Ili kuijaribu dhana hiyo walijenga mitambo ya kugonganisha viini vizito. CERN ilitangaza mwezi Februari 2000 kwamba imeona dalili za hali mpya ya maada, na mwaka huo huo mtambo mwingine ulianza kazi katika maabara ya Brookhaven, kisiwani Long Island, jimbo la New York. Mtambo huo ni njia ya duara yenye mzunguko wa kilomita 3.8, ambamo viini vya dhahabu, kila kimoja kikiwa na protoni 79 na nyutroni 118, huzungushwa pande mbili hadi vikaribie mwendo wa nuru, kisha vikaachwa vigongane. Joto linalopatikana hufika digrii trilioni 4, ambalo ni mara 250,000 ya joto la kitovu cha jua, na tone la plazma lililozaliwa hudumu muda ambao mtu akitaka kuuandika kwa sehemu ya sekunde ni lazima atie sifuri 22 baada ya nukta. Hakuna awezaye kulitazama tone hilo. Kinachotazamwa ni maelfu ya chembe zinazoruka kutoka kwake, na kwa hizo hali yake hukisiwa.

Chembe hizo zilitoa ushahidi wa namna mbili. Wa kwanza ulitokana na viini visivyogongana sawasawa bali kwa kuparuzana, hata tone likatokea limerefuka upande mmoja na kubanwa upande wa pili: lau ingekuwa gesi, chembe zingetoka sawa kwa pande zote, lakini zilitoka kwa wingi zaidi upande uliobanwa, kwa kuwa huko shinikizo hushuka kwa kasi zaidi, na hiyo ni tabia ya kitu kitiririkacho kwa pamoja. Wa pili ulihusu mashada ya chembe zenye nishati kubwa, ambayo kwa kawaida huzaliwa mawili mawili na kuruka pande zinazokabiliana. Katika migongano ya dhahabu shada moja lilionekana na mwenzake akamezwa njiani, ishara ya kuwa tone, pamoja na udogo wake, ni gumu kupenyeka. Mwaka 2005 makundi manne ya watafiti wa Brookhaven yalitangaza jambo ambalo wengi hawakulitarajia: plazma ile ni kiowevu, na mnato wake ni mdogo mno, hata kikaitwa kiowevu kinachokaribia ukamilifu. Miaka mitano baadaye mtambo mkubwa wa CERN, wenye mzunguko wa kilomita 27, ulianza kugonganisha viini vya risasi, ukakuta hali ni ile ile.

Tafsiri ya mnato huo ilisaidiwa na upande usiotazamiwa kabisa. Mwaka 1997 Juan Maldacena wa Argentina alidai kwamba baadhi ya nadharia za chembe zinazoshikana kwa nguvu zalingana, neno kwa neno, na nadharia za mvutano katika ulimwengu wenye kipimo kimoja zaidi. Na kwa kuifuata njia hiyo Pavel Kovtun, Dam Thanh Son na Andrei Starinets walihesabu, kwa kutumia mashimo meusi, kiwango cha chini ambacho walikisia kwamba mnato wa kiowevu hauwezi kukivuka. Nadharia waliyoihesabia haikuwa ile ya kwaki zetu, ni jamaa yake tu. Hata hivyo plazma ya Brookhaven ilikutwa ikikaribia kiwango hicho kuliko maji au kiowevu chochote tunachokitumia.

Bado uko upande wa pili wa maada hii, ambao hauna joto kubwa bali una msongamano, na maabara yake ni mbingu. Nyota kubwa inapokufa kwa mlipuko, kitovu chake hujikunja kikawa nyota ya nyutroni, yenye uzito kupita wa jua letu ndani ya duara lenye nusu-kipenyo cha kilomita 12 hivi. Mwambao wa Kenya una sehemu yake katika habari hii, kwani tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kukumbuka uhuru wa nchi hiyo, chombo cha kupima miali ya eksirei kilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi, mahali palipochaguliwa kwa kuwa ni jirani na ikweta, nacho kikaitwa Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Uhuru ndiyo iliyoonyesha kwamba chanzo kiitwacho Centaurus X-3 hupiga mpigo kila baada ya sekunde 4.8 huku kikizungukana na nyota nyingine, na hivyo kuthibitika ya kuwa ni nyota ya nyutroni inayomnyonya mwenzake. Je, katika kitovu cha nyota kama hiyo nyutroni hubaki nyutroni, au husongwa hata kwaki zikatoka? Kanuni ya mwaka 1973 inalo jawabu, lakini njia ya Wilson ya kuhesabu hukwama penye msongamano mkubwa, kwa sababu jumla zake huwa na namba za kujumlisha na za kutoa zinazofutana karibu zote.

Kwa hiyo leo watu wanaipima nyota kwa matetemeko ya mvutano, kama yale ya nyota mbili zilizogongana yaliyopokewa mwezi Agosti 2017, na huko Darmstadt, Ujerumani, wanajenga mtambo mwingine wa kuisonga maada kwa mikono yao. Mwenye kuitazama kazi hiyo kwa mbali aweza kuwashangaa watu wanaohangaika na jambo ambalo sheria yake wanayo tangu zamani. Mwenye kuitazama kwa karibu ataona ya kuwa sheria huwekwa kwa wachache na maisha huendeshwa na wengi, na kwamba asilimia 99 ya uzito wa kila kitu tukishikacho imo katika uhusiano wa wale wengi, wala haimo katika mmoja wao.