BAO: SHAURI KWA ANAYEANZA KUJIFUNZA

Pamba imekwisha kuvunwa, na jioni watu wa Nyalikungu wanapata nafasi ya kupumzika. Chini ya mti wazee wawili wameliweka bao kati yao, na watazamaji wamewazunguka. Wewe kijana umesimama nyuma yao. Unaona mikono inakwenda mbio, kete zinalia katika mashimo, halafu watu wote wanacheka, nawe hujui kwa nini. Basi unajiambia, "Mchezo huu ni wa wenye akili nyingi," unaondoka. Usiondoke, ndugu. Maneno haya yameandikwa kwa ajili yako.

Kwanza, litambue bao lenyewe. Lina safu 4, na kila safu ina mashimo 8. Safu 2 ni zako, 2 ni za mwenzako. Kete zote ni 64, nazo kwa desturi ni mbegu za komwe. Shimo la mwisho la safu ya mbele, kulia na kushoto, huitwa kichwa. Kichwa pamoja na shimo linalokifuata huitwa kimbi. Shimo la tano kutoka kushoto kwako ni nyumba. Katika mabao mengi limechongwa pembe nne. Mtu asiyejua majina haya hawezi kufuata maneno ya mwalimu wake.

Pili, usianze na bao kubwa. Wahenga wa mchezo huu waliwafikiria wanaoanza, wakaweka bao la kujifunza. Kila shimo hutiwa kete 2, hapana kete mkononi. Zoa shimo lenye kete 2 au zaidi, uzitie moja moja katika mashimo yanayofuata. Kete ya mwisho ikianguka katika shimo tupu, umelala. Zamu ni ya mwenzako. Ikianguka katika shimo lako la mbele lenye kete, na shimo la mwenzako linaloelekea lina kete pia, unakula: unazichukua kete zake na kuanza kuzitia kutoka kichwa chako. Kama hakuna cha kula, unazizoa zilizomo na kuendelea. Kete za safu ya nyuma haziliwi. Anayemalizikiwa kete za safu ya mbele ameshindwa.

Tatu, shika sheria hii: ukiweza kula, lazima ule. Wengi wanaoanza huiona kama mzigo, kumbe ndiyo silaha. Mchezaji hodari humpa mwenzake chakula kidogo ili amlazimishe kuacha wazi palipo na kingi.

Nne, ukisha kuzoea, ingia katika bao la Kiswahili. Hapo unaanza na kete 6 nyumbani, na 2 katika kila shimo la mashimo mawili yaliyo kulia kwake. Zilizobaki 22 unazo mkononi, unaziingiza moja moja. Sehemu hii ni kunamua. Zikiisha mkononi, mtaji umeanza. Wakati wa kunamua ilinde nyumba yako kama mkulima anavyolinda ghala. Ukiwa katika kula na kete ya mwisho ikaingia nyumbani, una ruhusa kulala hapo, au kuizoa yote na kusafiri. Anayeanza hupenda kusafiri, maana kete nyingi hupendeza machoni. Hesabu kwanza zitaishia wapi.

Kadhalika jizoeze kuhesabu kwa macho, bila kugusa kete. Siku hizi bao liko hata katika simu, na simu hutia kete yenyewe. Yafaa kwa kujua sheria, lakini haikufundishi kuhesabu. Tena jihadhari na kuchanganya: Wasukuma tuna isolo yetu, ndugu wa bao, lakini kanuni zake ni nyingine. Uliza kabla ya kuanza: "Leo twacheza lipi?"

Nanyi wazee, neno moja. Mwalimu Nyerere alijulikana kwa kupenda bao, wala cheo hakikumzuia kuketi na wenzake. Kijana akikosea, msimcheke hata akimbie. Rudisheni kete nyuma, mwonyesheni alipopotea. Mkimfukuza leo, kesho atakwenda kwenye meza ya kamari, ambako hakuna anayemfundisha ila anayetaka fedha yake. Nanyi mtabaki wawili, kisha mmoja. Na bao halichezwi na mtu mmoja.

Wewe unayejifunza, ukishindwa mara kumi usione haya. Kila mara uliza, "Nilikosea wapi?" Kuuliza si ujinga. Mtoto wako naye atakapokuja kusimama nyuma yako, msogezee kigoda.