Tindikali na Besi

Wengi wetu hudhani kuwa tindikali ndiyo kali na besi ni pole. Sivyo. Maji ya limau yana tindikali, nasi twayanywa. Soda kali ya kutengenezea sabuni ni besi, nayo hupofusha macho. Kwa kipimo cha pH, alichokitunga Sørensen wa Denmark mwaka 1909, maji safi ni 7. Tindikali iko chini yake, besi juu.

Basi mwenzetu akimwagikiwa tindikali maabarani, msikimbilie kummiminia besi. Zikikutana huvunjana ukali zikawa chumvi na maji, kweli, lakini hutoa joto, naye huungua tena. Mvueni nguo iliyolowa, mmwoshe kwa maji mengi yanayotiririka, dakika 20. Atasema yatosha, msimsikilize. Mimi, kabla sijafungua chupa, hutazama kwanza bomba liko wapi.