Magonjwa ya Tumbo na Njia Zake

1. Njia ya chakula

Watoto, kila siku mnakula: ugali wa mihogo, wali, sombe, samaki wa Lualaba. Mnajua chakula kinaingia wapi. Je, mnajua kinapita wapi?

Kinywani meno hukitafuna na mate hukilainisha. Kikimezwa, hupita katika umio, ndio mrija wa shingoni na kifuani, kikaingia katika mfuko wa tumbo. Humo hukorogwa pamoja na maji makali mpaka kiwe kama uji. Halafu huingia katika utumbo mwembamba, uliokunjwa-kunjwa ndani ya tumbo. Utumbo huo wa mtu mzima, ukinyoshwa, hupata urefu wa meta 6 hivi. Hapo damu huchukua nguvu ya chakula. Mabaki huingia katika utumbo mpana, nao hunyonya maji yaliyobaki. Kisichofaa hutoka kwa choo.

Shikeni neno hili: utumbo mzima huyarudisha maji mwilini; utumbo mgonjwa huyamwaga nje.

2. Kabambare mwaka 1870

Zamani Kabambare palikuwa kituo cha misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa. Mzungu David Livingstone alifika huko mwaka 1869. Yeye aliandika jina la mahali hapo Bambarre. Mwaka 1870 alirudi akakaa miezi mingi, kwa sababu vidonda vya miguu vilimzuia kutembea.

Alipokuwa huko, ugonjwa mbaya wa kuhara uliingia. Livingstone aliandika katika daftari yake ya kila siku kwamba watu 30 walikufa katika kambi yao ndogo. Wenyeji wangapi walikufa, hakuweza kujua. Ugonjwa huo ni kipindupindu.

Kilitoka wapi? Mwishoni mwa mwaka 1869 kilikuwa kimefika Unguja, kikaua maelfu ya watu. Kutoka pwani, njia ya misafara ilipita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikafika Maniema. Ni mwendo wa miezi. Mgonjwa mmoja asingeweza kuubeba ugonjwa huo toka baharini hata Kabambare, maana angalikufa au kupona njiani. Lakini kambi iliipa kambi. Mmoja alihara kando ya mto; mwenzake aliteka maji mbele kidogo, akanywa, akaendelea na safari.

Watu wa siku zile hawakujua sababu. Wengine walilaumu hewa mbaya, wengine wachawi. Mwaka 1884 Mjerumani Robert Koch, aliyekuwa amewachunguza wagonjwa katika Misri na India, alieleza wazi mwenye kosa: mdudu mdogo sana asiyeonekana kwa macho matupu, aliyepinda kidogo. Wadudu wadogo wa namna hiyo huitwa mikrobi.

3. Ugonjwa unapita wapi?

Mikrobi wengi wanaoharisha hutoka kwa choo cha mgonjwa, kisha huingia kwa kinywa cha mtu mzima. Katikati pana njia nne. Ya kwanza ni maji: mvua hukokota uchafu mpaka mtoni na kisimani. Ya pili ni mikono isiyonawiwa. Ya tatu ni nzi, atokaye chooni akatua juu ya chakula. Ya nne ni udongo, kama mtu akila embe au karanga mbichi zisizooshwa.

Watu wakiwa wengi na maji safi yakiwa machache, ugonjwa hukimbia kama moto katika majani makavu. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walijaa Goma. Katika mwezi mmoja walikufa watu karibu 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Hata katika Maniema kipindupindu kimerudi mara kwa mara.

4. Magonjwa yenyewe

Kipindupindu. Mgonjwa huhara maji meupe kama maji ya mchele, tena hutapika. Anaweza kupoteza lita moja ya maji kwa saa moja, na kufa kabla ya siku kwisha.

Kuhara damu. Tumbo hukata, choo ni kidogo lakini kina damu na kamasi. Huletwa na mikrobi au na amiba. Dawa zake si sawa, ndiyo sababu mgonjwa lazima apimwe kwa mganga wa hospitali.

Homa ya matumbo. Homa hupanda siku kwa siku, kichwa kinauma, tumbo linauma. Mgonjwa asipotibiwa, utumbo unaweza kutoboka.

Minyoo. Mnyoo mkubwa wa tumbo hufika sentimeta 30, na jike hutaga mayai 200,000 hivi kwa siku moja. Mayai hayo huingia pamoja na udongo wa vidole na mboga. Tegu hutoka katika nyama isiyoiva. Hupata urefu wa meta nyingi.

Lakini wako wawili wasiohitaji kinywa. Mnyoo wa safura hutoboa ngozi ya mguu usio na kiatu, kisha hufika katika utumbo na kunyonya damu. Mtoto mwenye safura huchoka upesi, na ndani ya kope zake ni peupe. Mdudu wa kichocho hutoboa ngozi ya mtu anayeoga katika maji yenye konokono. Kichocho cha matumbo huharibu ini.

Magonjwa mengine hayaambukizwi njiani hivyo. Mtu asiyekula mboga wala kunywa maji ya kutosha hufunga choo. Aliye na kidonda cha tumbo huungua katikati ya tumbo. Zamani watu walisema ni wasiwasi na pilipili; tangu mwaka 1982 waganga wawili wa Australia walionyesha kwamba mara nyingi ni mikrobi, nayo ina dawa.

5. Mdogo wako akihara

Sasa sikiliza vizuri, wewe unayembeba mdogo wako mama akiwa shambani.

Watu husema: «Mtoto anahara, msimpe maji, maana maji huongeza kuhara.» Neno hilo lafanana na kweli, lakini huua. Mtoto anayehara mara nyingi haui na uchafu unaotoka. Huuawa na ukavu unaobaki ndani. Kumtia dawa ya majani kwa nyuma huongeza ukavu huo.

Utumbo mgonjwa hukataa maji matupu, lakini hupokea chumvi ikija pamoja na sukari, na maji huzifuata. Mwaka 1971 mganga Dilip Mahalanabis alikuwa India, katikati ya wakimbizi wenye kipindupindu. Chupa za kutia maji katika mshipa zilimwishia. Aliwanywesha wagonjwa maji yenye chumvi na sukari. Kwanza, katika wagonjwa 100, walikuwa wakifa 30 hivi. Kwa maji hayo walikufa wasiofika 4.

Fanya hivi. Twaa lita moja ya maji yaliyochemka na kupoa. Tia vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe sawasawa, visijae kilima. Koroga, kisha onja: maji yasizidi machozi kwa chumvi. Yakizidi, yamwage uanze tena. Mpe mtoto mdogo nusu kikombe kila mara anapohara, kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha mpe polepole. Mama aendelee kunyonyesha. Kesho tengeneza maji mapya.

Mpeleke hospitali upesi ukiona macho yameingia ndani, kinywa kimekauka, analia bila machozi, ngozi ya tumbo ikivutwa inarudi polepole, au choo kina damu. Njiani usiache kumnywesha. Hospitalini watampa pia dawa ya zinki.

6. Kuziba njia

Choo kichimbwe mbali na kisima, nacho kifunikwe. Nawa mikono kwa sabuni, au kwa majivu pasipo sabuni, ukitoka chooni na kabla ya kula. Chemsha maji ya kunywa, yaweke katika chombo chenye kifuniko. Funika chakula. Pika nyama mpaka iive. Vaa viatu uendapo chooni na shambani. Dawa ya minyoo ikiletwa shuleni, imeze.

Hata mito haimalizi uchafu: yanayoingia Luama upande wa Kabambare hushuka mpaka Lualaba, na huko wako watoto wengine wenye mitungi.

Maulizo

1. Kazi ya utumbo mpana ni nini?
2. Kipindupindu kilipita wapi kutoka Unguja hata Kabambare?
3. Taja njia nne za mikrobi.
4. Ni wadudu gani wanaoingia kwa ngozi?
5. Kwa nini tunatia chumvi pamoja na sukari?
6. Tengeneza maji hayo mbele ya mwalimu, kila mtoto aonje. Kisha usiku wa leo uwafundishe watu wa nyumbani.