Toyota au Isuzu? Kiini cha ubishi wa pikapu Meru na Embu

KATIKA vibanda vya chai vya Maua, Meru na Embu, ni vigumu madereva wawili kuketi meza moja bila kubishana kuhusu pikapu. Mmoja huapa kwamba hakuna gari linaloweza kushindana na Toyota Hilux. Mwenzake humcheka na kumkumbusha kuwa gari la kazi ni Isuzu, na kwamba Hilux ni ya kujionyesha sokoni.

Mgeni atadhani haya ni mabishano ya mashabiki wa kandanda, ambayo huanza kwa kelele na kuisha kwa kicheko. La hasha! Nyuma yake kuna mzigo unaonyauka, barabara yenye kona kali, mkopo wa benki na, mara nyingine, uhai wa binadamu. Ndiyo maana ni vyema mtu anayetaka kununua pikapu aelewe kila upande unatetea nini hasa.

Kwanza, ikumbukwe kwamba ushindani wa aina hii si wa Kenya pekee. Nchini Marekani, wapenzi wa Ford na wale wa Chevrolet wamezozana kwa vizazi kadhaa, na kuna familia ambazo mtoto hurithi chapa ya babake. Pikapu za Ford za kundi la F-Series zimeongoza kwa mauzo nchini humo tangu 1977.

Hata hivyo, pikapu hizo kubwa za Marekani ni nadra kuonekana katika barabara zetu. Nyingi zina usukani upande wa kushoto, ilhali Kenya haisajili magari ya aina hiyo ila kwa idhini maalumu. Isitoshe, gari la mtumba linaloingizwa nchini halipaswi kuzidi umri wa miaka minane. Kwa hivyo, ubishi wetu umejikita katika pikapu ya wastani inayobeba takriban tani moja, nayo kwa kiasi kikubwa ni ya Kijapani.

Haikuwa hivyo tangu jadi. Katika miaka ya 1970 na 1980, jina lililotajwa sana lilikuwa Peugeot 504, ambayo pikapu yake iliunganishwa humu nchini. Land Rover nayo ilitawala njia za udongo za milima ya Nyambene, na hadi leo baadhi ya magari hayo makongwe bado hupanda vilima vya Meru yakiwa na mizigo na abiria.

Mashindano ya Safari Rally yalichangia pakubwa kujenga sifa za chapa. Peugeot 504 ilishinda mwaka wa 1975 na tena 1978. Datsun ilifuata kwa ushindi wa miaka minne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, kisha Toyota ikatwaa taji kuanzia 1984 hadi 1986. Mkulima aliyesimama kando ya barabara na kuona gari likipita katika tope bila kukwama hakuhitaji tangazo la redio. Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Lakini kilichoipa Hilux heshima ya pekee Meru si mashindano hayo. Ni miraa.

Zao hili, linalokuzwa kwa wingi Igembe na Tigania, halina subira. Ndani ya majani na vijiti vyake vichanga mna kemikali iitwayo kathinoni, ambayo ndiyo humchangamsha mtafunaji. Mara miraa inapochumwa na kuanza kunyauka, kemikali hiyo hugeuka kuwa nyingine iliyo dhaifu zaidi. Ndiyo sababu wafanyabiashara hufunga vibunda kwa majani ya migomba ili visikauke, na ndiyo sababu miraa ikikaa kwa takriban siku mbili hupoteza thamani yake.

Kutoka Maua hadi Nairobi ni safari ya zaidi ya kilomita 250. Gari hupitia Meru mjini, Nkubu, Chuka, Runyenjes na Embu, kisha huteremkia Mwea na Makutano kabla ya kushika barabara ya Thika. Baadhi ya mzigo huishia mtaani Eastleigh, na mwingine hupelekwa Uwanja wa Ndege wa Wilson ili usafirishwe hadi Somalia. Ndege haimsubiri mtu. Dereva akichelewa, mzigo mzima unaweza kukosa mnunuzi kwa bei nzuri.

Katika kazi kama hiyo, mashabiki wa Toyota wana hoja tatu. Mosi, Hilux ni nyepesi na huitikia haraka dereva anapokanyaga mafuta. Pili, vipuri vyake hupatikana karibu kila mji, na vikikosekana huagizwa kutoka Kirinyaga Road, Nairobi, ambako maduka ya vipuri yamepangana. Tatu, na hili ndilo muhimu kwa mwenye mali, Hilux iliyotumika kwa miaka mingi bado humpata mnunuzi upesi. Kwa maneno mengine, ni akiba yenye magurudumu manne.

Mashabiki wa Isuzu nao hawakosi la kusema. Hoja yao kuu ni injini ya dizeli. Injini ya 4JA1 ya lita 2.5, iliyosifika katika pikapu za Isuzu zinazojulikana kama TFR, ilinyunyizia mafuta moja kwa moja juu ya pistoni. Injini nyingi za dizeli za Hilux za enzi hizo, kama vile 2L na 3L, zilinyunyizia mafuta katika kichumba kidogo kando kabla ya moto kusambaa kwenye silinda.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini mfuko wa mwenye gari huihisi. Kichumba kile hulainisha mlio wa injini, ila joto jingi hupotelea katika kuta zake. Injini inayonyunyizia moja kwa moja hunguruma kama mashine ya kusaga mahindi, lakini hutumia mafuta kidogo kwa kazi ile ile. Hapa ndipo ulipozaliwa ule mzaha kwamba Isuzu husikika kabla ya kuonekana. Leo tofauti hiyo imetoweka, kwa kuwa injini mpya za kampuni zote mbili hunyunyizia mafuta moja kwa moja na hutumia turbo. Wabishi wengi wangali wanarithi hoja za injini ambazo hazitengenezwi tena kwa pikapu mpya.

Isuzu pia ina hoja ya uzalendo wa aina fulani. Kampuni ya General Motors, iliyoanzishwa nchini 1975, iliunganisha magari ya Isuzu jijini Nairobi kwa miaka mingi. Mwaka wa 2017, Isuzu ilinunua hisa za Wamarekani hao na kampuni ikaitwa Isuzu East Africa. Imekuwa ikiongoza katika mauzo ya magari mapya nchini kwa miaka kadhaa, na pikapu yake ya D-Max huunganishwa katika kiwanda hicho. Wa Toyota hujibu kwamba hata wao wana kazi ya Wakenya ya kujivunia, kwani pikapu ya Land Cruiser huunganishwa Mombasa.

Je, nani ana haki? Jibu linategemea mzigo.

Mkulima wa majani chai au kahawa anayeishi kwenye miteremko ya Mlima Kenya, pande za Runyenjes au Manyatta, huhitaji gari linalopanda kilima taratibu likiwa na uzito, mvua ikinyesha na udongo mwekundu ukiteleza. Kwake yeye, nguvu ya injini ikizunguka polepole na bei ya mafuta ni muhimu kuliko kasi. Msafirishaji wa miraa, kinyume chake, hubeba mzigo mwepesi lakini mrefu, na saa ndiyo adui wake. Wawili hawa wakibishana, kila mmoja husema kweli kuhusu kazi yake na kukosea kuhusu ya mwenzake.

Tena, wakati wawili wanapozozana, wa tatu hupita katikati yao. Toyota ilipoanza kuunda Probox mwaka wa 2002, haikuwa pikapu bali gari dogo la kubebea bidhaa. Lakini ilipowasili Kenya kama mtumba, bei yake nafuu na matumizi yake madogo ya mafuta viliwavutia wasafirishaji wa miraa na wa muguka, ile miraa ya Mbeere inayotoka pande za Siakago, Ishiara na Kiritiri. Leo dereva wa Hilux anaweza kupitwa na Probox iliyojaa hadi darini.

Hapa ndipo penye jambo ambalo ubishi wa chapa hulificha. Kanuni za trafiki zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, maarufu kama sheria za Michuki, zililazimisha matatu, mabasi na malori mazito kuwekwa vidhibiti mwendo. Pikapu nyepesi hazikuguswa. Hivyo basi, gari lenye haraka kuliko yote likabaki bila kizuizi isipokuwa busara ya dereva.

Barabara yenyewe haina msamaha. Kati ya Meru na Embu hushuka kwenye mabonde ya mito itokayo Mlima Kenya, kisha hupanda tena kwa kona zinazofuatana. Katika daraja la Nithi, Julai 2022, basi lilitumbukia bondeni na watu zaidi ya 30 wakafariki. Halikuwa gari la miraa, lakini linatuonyesha mteremko huo unaweza kulifanya nini gari linaloshindwa kusimama.

Magunia yakipangwa juu ya pikapu hadi yapite paa, kitovu cha uzito huinuka, na gari huwa tayari kupinduka kwenye kona ambayo lingeipita salama likiwa tupu. Wengi huongeza vipande vya springi nyuma ili gari lisilale. Gari litabeba zaidi, ndiyo, lakini springi haziongezi breki. Breki zinabaki zile zile zilizopimwa kiwandani kwa mzigo wa kawaida. Katika mteremko mrefu hupata joto, hupungua nguvu, na wakati huo nembo iliyo mbele ya gari haimsaidii dereva hata kidogo.

Hatari ya pili ni ya mfuko. Biashara inayolipia gari inaweza kusimama ghafla. Uholanzi ilipiga marufuku miraa 2013 na Uingereza ikafuata Juni 2014. Somalia ilifunga soko lake mwaka wa 2020 hadi Julai 2022. Mei 2024, kaunti za Mombasa na Kilifi zilitangaza marufuku dhidi ya muguka, kabla ya mahakama mjini Embu kusimamisha amri hizo. Kila tukio kama hilo humwacha aliyenunua pikapu kwa mkopo akiwa na deni lisilosimama, huku mzigo ukiwa umesimama.

Kwa hivyo, anayekusudia kununua pikapu asianze kwa kuuliza ni chapa gani iliyo bora. Ajiulize atabeba nini, kwa uzito gani na katika barabara ipi. Aulize fundi wa mtaani kwake anaijua injini gani, kwa maana gari zuri lisilo na fundi karibu ni mzigo. Aulize gari hilo litauzwa kwa bei gani soko likifungwa. Kisha, kabla ya kulipa, akague breki na tairi kwa makini kuliko anavyokagua rangi.

Akishapata majibu hayo, huenda atajikuta amechagua Toyota, au Isuzu, au hata Probox, na atakuwa na sababu ya kutetea uamuzi wake mezani. Chai itaendelea kunywewa na ubishi utaendelea. La muhimu ni wote wawili wafike salama jioni ili wabishane tena kesho.