Fungu Lako la Mboga: Namna ya Kulipokea, Kulitunza na Kulila

Siku hizi wako watu wanaopatana na mkulima mwanzoni mwa msimu, wakamlipa fedha mapema, naye kila juma huwaletea fungu lao la mboga. Mpango wa namna hii ulienea Japani katika miaka ya 1970, na huko Marekani mashamba ya kwanza yaliufuata mwaka 1986. Mkulima hupata fedha za mbegu na samadi wakati anapozihitaji, nawe hupata mboga ambazo hazikulala siku mbili juu ya lori.

Lakini fahamu jambo moja kabla hujalipa. Sokoni wewe ndiye unayechagua. Katika fungu, shamba ndilo linalochagua. Mvua zikinyesha vizuri utaletewa mchicha mwingi kuliko unavyoweza kula, na juma la pili utapata kabichi, karoti na figiri kwa pamoja. Nusu ikioza utaona umepoteza fedha, na msimu ujao hutalipa. Hapo mkulima aliyetayarisha shamba lake kwa kukutegemea wewe atabaki na mboga zisizo na mlaji. Mara nyingi shamba halina kosa. Mboga ziliharibikia nyumbani, na uharibifu ulianza siku ile ile zilipofika.

Sababu ni hii. Mboga iliyochumwa haijafa. Bado inapumua, na kwa kupumua hutumia chakula kilichomo ndani yake yenyewe na kutoa joto. Tena hupoteza maji kwa majani yake, wala haina mizizi ardhini ya kuyarudisha. Jani la mchicha ni maji karibu sehemu 9 katika 10, kwa hiyo likipoteza kidogo tu hunyauka. Joto likizidi kwa digrii 10 za Sentigredi, mboga huharibika upesi mara mbili, pengine mara tatu.

Basi kikapu kikifika, usikiache mlangoni penye jua ukaendelea na kazi nyingine. Kifungue kivulini. Kata kamba za mafungu, maana majani yaliyobanwa hupata joto katikati na kuanza kuoza hapo. Toa majani yaliyochubuka. Usiyaoshe yote siku hiyo, kwa kuwa maji yanayobaki kati ya majani huleta uozo. Osha yale utakayopika tu. Mchicha uliong'olewa na mizizi yake usimamishe katika bakuli lenye maji kidogo, kama unavyofanya na maua, na ubadili maji kila siku. Majani mengine yafunike kwa kitambaa safi kilicholoweshwa na kukamuliwa.

Karoti zikatwe majani mara moja, hata kama yanapendeza. Majani yale huvuta maji kutoka katika mzizi, na baada ya siku chache karoti hulegea kama mpira. Viazi mviringo viwekwe gizani, kwa sababu mwanga huvitia rangi ya kijani, na kiazi cha namna hiyo kina sumu. Kata sehemu yote ya kijani. Kiazi kikiwa kijani kote au kichungu, kitupe. Vitunguu vyataka mahali pakavu penye upepo, mbali na viazi. Nyanya ambazo hazijaiva, pamoja na viazi vitamu, zisiingie katika jokofu, baridi huziharibu. Tena usiweke ndizi mbivu karibu na majani, kwani hutoa hewa inayoivisha, na mchicha utageuka manjano.

Wengi hawana jokofu, wala si lazima. Chukua chungu kidogo, ukiweke ndani ya kikubwa, jaza mchanga katikati na kuulowesha asubuhi na jioni. Funika juu kwa kitambaa kilicholowa, kisha ukiweke kivulini penye upepo. Maji yanapokauka huchukua joto, na ndani hubaki ubaridi. Njia hii hufaa sana Dodoma na Singida wakati wa kiangazi, hewa ikiwa kavu. Dar es Salaam au Tanga wakati wa masika haitakusaidia sana, kwa kuwa hewa yenyewe imejaa unyevu. Huko dawa ni kula upesi.

Na kula kuna utaratibu wake. Siku mbili za kwanza upike mchicha, figiri na majani ya maboga. Halafu sukuma wiki, bamia na nyanya zilizoiva. Kabichi, karoti, viazi na maboga viwe vya mwisho. Wengi hufanya kinyume: huanza na kabichi kwa sababu ni kubwa na inawajazia jiko. Kabichi itakungoja, mchicha hautakungoja.

Wakati wa kupika, osha majani kabla ya kuyakata, si baada yake, maana vitamini C huyeyuka katika maji ukaimwaga. Tia maji kidogo, funika sufuria, na epua mara majani yanapolainika. Acha magadi; hulainisha mboga na kuipa rangi nzuri, lakini huharibu vitamini hiyo. Ongeza mafuta kidogo au karanga zilizotwangwa, ili mwili uweze kupata vitamini A. Kisamvu peke yake hakifuati sheria hii ya kupika upesi: lazima kitwangwe na kuchemshwa sana, kwani kibichi kina sumu.

Majani ya kunde yakizidi, yachovye katika maji yanayochemka kwa dakika 2 au 3, kisha uyaanike juu ya mkeka safi kivulini penye upepo. Jua kali hupunguza vitamini A. Watu wa Dodoma na Singida wamekausha mlenda tangu zamani kwa ajili ya kiangazi. Jani likivunjika mkononi, liko tayari kuwekwa katika kopo lenye kifuniko cha kubana. Likipinda tu, lirudishe mkekani, kwani litafanya ukungu.

Kikapu kioshwe na kukaushwa kabla hakijarudi shambani. Unapokirudisha, mwambie mkulima ni mboga zipi zilizobaki bila kuliwa, na umwambie kabla hajasia mbegu za msimu ujao.