Pikipiki ya "toleo la mwakani" huagizwa lini?

Juma hili nazungumzia swali ambalo vijana wa bodaboda wa Igoma na Buzuruga huniuliza mara kwa mara: je, ni kweli duka linaweza kuuza leo pikipiki ya toleo la mwakani? Swali hilo si la mzaha, kwani anayeuliza mara nyingi ametakiwa atangulize fedha za mkopo.

Huko kwenye nchi za viwanda, mwaka wa toleo si lazima ulingane na mwaka wa kalenda. Sheria ya Marekani, kwa mfano, inaruhusu chombo cha toleo la mwaka fulani kianze kutengenezwa tangu Januari 2 ya mwaka unaotangulia. Makampuni mengi huonyesha pikipiki mpya mjini Milan, Italia, mwezi Novemba. Wenye maduka huagiza pale kiwanda kinapotangaza bei na kuanza kupokea oda. Kabla ya hapo hakuna cha kuagiza.

Kwetu Mwanza mambo ni mengine. Pikipiki za kazi, ambazo nyingi hutoka India na China, hukaa miaka bila kubadilika sana, pengine rangi na michoro ya tangi tu. Mwenye duka wa hapa kwa kawaida haagizi kiwandani, bali kwa wakala aliyeko Dar es Salaam. Wakala ndiye anayelipa kiwanda, anayesubiri meli na kulipa ushuru. Nyingi huja vipande vipande ndani ya makasha, zikaunganishwa hapa nchini.

Kwa hiyo mwenye duka hutazama mambo matatu. La kwanza ni Mwaka Mpya wa Kichina, ambao huangukia kati ya Januari 21 na Februari 20. Viwanda vya huko hufungwa, na oda iliyochelewa hulala. La pili ni msimu wa pamba, wakulima wa Magu, Kwimba na Misungwi wanaposhika fedha. La tatu ni Julai mosi, viwango vipya vya kodi vinapoanza kutumika baada ya bajeti ya Juni. Mwenye hesabu zake huagiza kabla ya Desemba kwisha, awe na mzigo wa msimu kabla ya bajeti.

Sasa mnunuzi afanyeje? Kwanza, asidanganyike na namba. Herufi za kwenye kibao cha MC zinaonyesha pikipiki ilisajiliwa karibuni au zamani. Hazisemi ilitengenezwa lini. Iliyolala ghalani miaka miwili hupata namba mpya sawa na iliyoshuka jana. Mwaka wa kutengenezwa autafute kwenye nyaraka za forodha na za usajili, kisha alinganishe namba ya chesisi iliyogongwa kwenye fremu na ile iliyoandikwa kwenye karatasi.

Pili, akiambiwa alipe kabla, adai stakabadhi inayotaja aina ya pikipiki, tarehe ya kuipokea, na nani atabeba nyongeza endapo kodi itapanda. Duka likikataa kuandika hayo, fedha zibaki mfukoni.

Abiria wa kutoka Kirumba kwenda Nyegezi haulizi toleo la mwaka gani. Lakini marejesho ya mkopo huanza kudaiwa hata kama pikipiki bado iko baharini.

Hadi juma lijalo.